Bundi upenuni: namna ya kutundika sanduku la kiota lenye kamera nyumbani kwako

Usiku bundi alipoingia kwenye sanduku letu kwa mara ya kwanza, nilikuwa sebuleni, simu mkononi, na mama mkwe wangu kakaa pembeni akivuta tasbihi. Akauona kwenye kioo cha simu ule uso mweupe wenye umbo la kopa la karata, ukichungulia mlangoni. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba Salma, huyu ni mgeni gani unayemjengea nyumba?"

Swali lake lilikuwa la haki. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kwamba bundi akilia juu ya paa, kuna mtu anaagwa. Pwani wako wanaomwita babewatoto, na mama mwenye kichanga akimsikia hatulii mpaka amfukuze. Sikubishana naye. Nilimwachia simu. Wiki mbili baadaye yeye ndiye aliyeniamsha kuniambia yai la tatu limetagwa.

Tunaishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwenye mtaa ambao uzio wa nyumba ndio mpaka wa shamba la mahindi. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye nyumba ya namna hiyo, au bustani yenye mti mkubwa, na anayetaka kumtazama ndege akitaga na kulea bila kumsumbua. Nimemchagua bundi mwenye uso mweupe kwa sababu anakubali sanduku kwa urahisi, hajengi kiota chake mwenyewe, na anafanya mambo yake usiku, wakati ambao wewe uko nyumbani umetulia. Asiye na nafasi ya bundi nitamwelekeza kwa shomoro kabla sijamaliza habari ya sanduku.

Hatua ya kwanza: sumu ya panya

Kabla ya kununua msumari, simamisha sumu. Sumu nyingi za panya zinazouzwa madukani huzuia damu kuganda. Soma pakiti, utakuta majina kama brodifakumu au bromadioloni. Panya aliyeila hafi papo hapo. Huishi siku kadhaa akidhoofika, akitembea ovyo mahali pa wazi, na bundi humkamata huyo kwanza kwa kuwa ndiye rahisi kuliko wote. Sumu iliyomo mwilini mwa panya huingia kwa bundi, na kwa makinda anaowalisha. Kumwita bundi kwenye mtaa unaomwaga sumu ni kumwita aje afe, na utamwona akifa kwenye kioo cha simu yako.

Kwa hiyo zunguka kwa majirani. Mimi nilianza na mzee mwenye shamba la nyuma, maana yeye ndiye aliyekuwa akitumia sumu nyingi kila mahindi yanapokomaa. Sikumhubiria. Nilimweleza hesabu: panya shamba jike anaweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo mmoja, na bundi mmoja aliyekomaa hula panya wawili watatu kila usiku. Wakiwa na makinda manne au matano, jike na dume hubeba panya usiku kucha. Nikamwambia pia kwamba wakulima wa bonde la Beit She'an huko Israeli walianza kutundika masanduku ya bundi mashambani mwaka 1983, na wenzao wa Jordani wakajiunga mwaka 2002. Na kwamba kwenye mashamba ya michikichi ya Malaysia bundi ni mfanyakazi wa siku nyingi. Mzee akasema atajaribu msimu mmoja kwa mitego. Ulinitosha.

Hapa Morogoro habari ya panya si ngeni kwa mtu yeyote. Chuo Kikuu cha Sokoine kimewachunguza panya shamba kwa miongo kadhaa, na ni hapahapa panya buku wanafunzwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Ukimweleza mtu wa hapa kuhusu mnyama mwenye sifa mbaya kumbe ana kazi nzuri, anakuelewa upesi.

Jirani akikataa katakata kuacha sumu, usitundike sanduku la bundi. Nasema hivyo nikijua linaudhi.

Wakati unazunguka, liseme na lile la pili: kwamba unamkaribisha bundi, kwamba usiku kutakuwa na sauti, na kwamba yeyote anakaribishwa kuja kutazama. Jirani akishtukizwa na bundi juu ya paa lake atatafuta jiwe. Akiwa amekwisha kumwona kwenye simu akilisha watoto, jiwe halimjii mkononi.

Hatua ya pili: mahali

Tafuta mahali penye urefu wa mita 4 au zaidi kutoka ardhini, pasipopigwa na jua la mchana na la alasiri, na mlango wa sanduku usielekee upande ambao mvua hupigia. Mbele ya mlango pawe wazi. Bundi huja kwa kuteleza angani na hapendi matawi njiani. Mwembe mkubwa unafaa, nguzo imara inafaa, na upenu wa nyumba unafaa zaidi ya vyote kwa mtu wa kamera, kwa sababu umeme na waifai viko karibu.

Ila usiweke nje ya dirisha la chumba cha kulala. Makinda wa bundi huyu hawalii "huu, huu" kama watu wanavyodhani. Wanakoroma kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayevuta pumzi kwa nguvu kati ya meno, kuanzia magharibi hadi alfajiri, bila kuchoka. Bundi mzima naye hupiga ukelele mkali unaoweza kumwamsha asiyeujua akiwa ametoka jasho. Na baada ya mwezi kuna harufu. Sisi tuliweka upande wa stoo na jiko la nje, tukawa salama.

Hatua ya tatu: sanduku

Karatasi moja ya plaiwudi ya futi nne kwa nane, unene wa milimita 12, inatosha na kubaki. Vipimo vyangu ni hivi: sakafu sentimita 60 kwa 40, urefu wa kwenda juu sentimita 65. Mlango wa bundi ni tundu la mraba la sentimita 13 kwa 13, likatwe kwenye ubao wa mbele, upande mmoja wa pembeni na si katikati, na ukingo wake wa chini uwe sentimita 45 kutoka sakafuni. Fundi wangu alitaka kuushusha ili "ndege aingie vizuri." Nilimkatalia. Kina hicho ndicho kinachozuia kinda wa wiki tatu asitambae mpaka mlangoni akaanguka, na ukilegeza kipimo kimoja katika sanduku zima, kisiwe hicho.

Nje ya mlango, piga kibaraza cha ubao chenye kijikingo pembeni. Makinda wakikua watasimama hapo kupiga mbawa. Upande wa nyuma, chini, weka mlango wa kusafishia wenye bawaba na komeo. Toboa sakafu matundu madogo sita ya kutolea unyevu, na mengine machache juu kabisa ya mbavu ili hewa moto ipite. Ndani usipake rangi wala dawa ya mbao. Nje paka rangi ya maji, nyeupe au ya kijivu hafifu.

Paa la sanduku linahitaji akili zaidi. Bati likilala juu ya plaiwudi moja kwa moja, mchana mnawapika makinda. Piga paa la plaiwudi kwanza, weka vipande vya mbao vya sentimita 4 juu yake, kisha bati juu ya vipande hivyo, hewa ipite katikati. Mimi niliweka kipimajoto ndani kwa siku tatu kabla ya kuridhika na mahali, na nakushauri ufanye hivyo. Sanduku likiwa joto kuliko kivuli cha mti kwa kiasi kikubwa, lihamishe.

Bundi halazi majani wala manyoya. Hutaga juu ya mabaki ya mifupa na manyoya ya panya anayoyatapika. Kwa kuwa sanduku jipya halina mabaki hayo, mwaga maranda ya mbao sakafuni, unene wa vidole vitatu, yale yale ya kuwatandikia kuku. Yai likilala kwenye ubao mtupu linaviringika mpaka kona na kupoa.

Kwa asiye na nafasi: shomoro wa mjini anatoshwa na kisanduku chenye sakafu ya sentimita 15 kwa 15 na tundu la duara la milimita 32, kikitundikwa chini ya upenu mita 2 hadi 3 kutoka chini. Mambo ya kamera yaliyo hapa chini ni yale yale. Tofauti ni kwamba shomoro ni ndege wa mchana, na atajaza majani makavu mpaka yakaribie kuziba lenzi. Kwa hiyo ongeza kimo cha kisanduku.

Hatua ya nne: kamera

Hapa ndipo nilipopoteza muda na fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kamera yoyote ndogo ya ulinzi ya waifai itafanya kazi ikitimiza mambo manne. La kwanza, ione gizani kwa taa za infraredi, na taa hizo ziwe za nanomita 940. Zile za 850 huwaka wekundu hafifu unaoonekana. Za 940 hazionekani kabisa, si kwako wala kwa ndege. La pili, iwe na lenzi ya kuona pana, milimita 2.8 au chini ya hapo, vinginevyo utaona kona moja ya sanduku na mkia. La tatu, iwe na nafasi ya memori kadi. La nne ndilo wengi hawaliulizi dukani: iweze kuona vizuri kitu kilicho karibu. Kamera hizi zimetengenezwa kutazama geti au duka, mita kadhaa mbele. Wewe unaitaka itazame sentimita 50.

Jaribu kabla ya kulipa. Weka gazeti nusu mita kutoka kwenye lenzi uone kama herufi zinasomeka. Zisiposomeka, kamera nyingi zina lenzi ndogo iliyosokotwa kama skrubu na kushikwa kwa tone la gundi. Ishike kwa koleo na kipande cha kitambaa, izungushe taratibu sana kinyume na mishale ya saa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, huku unatazama gazeti kwenye simu. Herufi zikikaa sawa, acha. Kazi hiyo inaua dhamana ya kamera, ujue kabla.

Kisha iondolee tabia zake za ulinzi. Zima taa nyeupe inayowaka ikiona kitu kikitembea. Zima king'ora. Zima ile sauti ya kike inayosema kamera imeunganishwa. Kataa kabisa kile kitufe cha kuzungumza kupitia kamera, na waambie watoto mapema, maana ndicho watakachokibonyeza kwanza. Kile kitaa cha kijani cha mbele kizibe kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme. Badilisha nenosiri la kiwandani siku hiyohiyo. Kamera yenye nenosiri la kiwandani iko wazi kwa mtu yeyote wa mbali, na maikrofoni yake husikia mazungumzo ya jikoni kwenu.

Ifunge darini ndani ya sanduku, kwenye kona iliyo mbali na mlango, ikitazama chini kwa mshazari ili sakafu yote na mlango vionekane pamoja. Kusiwe na waya unaoning'inia ndani. Waya utokee kwenye tundu la juu nyuma, na ukishatoka ushuke chini ya tundu kabla ya kupanda tena kuelekea nyumbani, ili maji ya mvua yadondoke kwenye ule mpindo badala ya kufuata waya mpaka ndani.

Sasa umeme. Kamera yangu ya kwanza ilifanya kazi mchana kutwa, kisha ikazima kila siku magharibi, ikawaka, ikazima, usiku kucha. Nilimlaumu muuza duka. Kosa lilikuwa langu: nilikuwa nimeunga waya mwembamba wa USB wa mita 12, na volti 5 zikisafiri umbali huo kwenye waya mwembamba hufika zimepungua. Mchana zilitosha. Taa za infraredi zikiwaka jioni, kamera ikataka umeme zaidi, ikakosa. Dawa yake ni mojawapo ya mbili. Ukiwa chini ya mita 5, tumia waya mnene. Ukizidi hapo, peleka volti 12 kwa waya wa kawaida wa spika na uzishushe kuwa 5 kwa kifaa kidogo cha kushushia umeme kilichofungwa karibu na kamera, nje ya sanduku, ndani ya kiboksi kisichopitisha maji. Fundi redio yeyote anakijua.

Umeme ukikatika, kamera na ruta vyote hulala. Pawabenki ya mAh 10,000 inabeba kamera inayokula wati 2.5 kwa saa kumi na mbili hivi, yaani usiku mmoja. Hakikisha ni ya aina inayoweza kuchajiwa huku inatoa. Nyingi haziwezi, na utagundua siku isiyofaa.

Kuhusu bando, watu huogopa bure. Ukitazama ukiwa nyumbani kwenye waifai yako, na programu ya kamera ikiruhusu kuangalia ndani ya mtandao wa nyumba, picha hutoka kwenye kamera kwenda kwenye ruta kwenda kwenye simu bila kugusa bando. Ukiwa kazini ndipo unalipa. Picha ya megabiti 1 kwa sekunde inakula megabaiti 450 kwa saa. Mimi kazini sitazami moja kwa moja. Narudi nyumbani kuangalia vipande vilivyorekodiwa kwenye kadi. Weka kamera irekodi pale tu kitu kinapotembea, na kadi ya gigabaiti 64 itakupa siku nyingi. Chagua masafa ya gigahezi 2.4 kwenye ruta, si 5; kamera za bei nafuu hazijui 5, na 2.4 hupita ukuta vizuri zaidi.

Washa kila kitu na ukiache kikae siku saba kabla ya kupandisha sanduku. Likiisha kupanda na ndege akaingia, hakuna kurekebisha tena mpaka makinda waruke. Kamera ikifa katikati, imekufa. Utasikiliza kwa masikio.

Hatua ya tano: kusubiri

Bundi wetu waliingia mwezi wa tano tangu tutundike. Wengine husubiri mwaka, wengine miwili. Huku kwetu bundi hana mwezi maalumu wa kutaga. Anafuata panya, na panya wanafuata mvua. Usipige sauti za bundi kwa spika kumvuta. Na usikubali mtu akuletee bundi "wa kuanzia": Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 2009, hairuhusu kukamata wala kufuga bila kibali, na Kenya ni hivyohivyo chini ya sheria yao ya mwaka 2013. Zaidi ya sheria, ndege aliyefungiwa ndani akitoka harudi.

Wakati wa kusubiri una kazi moja kubwa, nayo ni nyuki. Sanduku tupu, kavu, lenye kivuli, kwa nyuki wetu ni mzinga wa bure. Angalia kamera mchana: ukiona nyuki wawili watatu wakizunguka ndani wakipapasa kona, hao ni wapelelezi. Ziba mlango kwa kitambaa siku chache wakate tamaa. Nyigu nao hubandika viota vyao darini. Kusugua dari kwa sabuni kavu ya mche kabla ya kutundika huwazuia kushika vizuri. Kundi la nyuki likishaingia lote, usichome moto wala kupuliza dawa ya wadudu. Mwite mfuga nyuki aje usiku, atashukuru.

Kwa siafu na sisimizi, paka mkanda wa grisi kwenye nguzo au shina, chini kabisa, mbali na ndege atakakotua.

Hatua ya sita: kutazama

Fungua daftari. Andika tarehe na saa, hata kama ni neno moja.

Utaanza kuona dume akileta panya na kumkabidhi jike ndani ya sanduku, usiku baada ya usiku, wakati hakuna yai wala dalili yake. Mama mkwe alipaita hapo posa, na sijapata neno bora. Kisha jike anaacha kutoka. Yai la kwanza ni jeupe kabisa, na jingine hufuata baada ya siku mbili au tatu, mpaka yafike manne, matano, pengine sita. Jike anaanza kuatamia tangu la kwanza, naye huatamia peke yake. Dume analeta chakula. Siku 30 hadi 32 kwa kila yai.

Kwa kuwa hayakutagwa siku moja, hayaanguliwi siku moja. Wa kwanza akiwa na siku kumi, wa mwisho ndiyo kwanza anatoka kwenye ganda. Hili ndilo jambo la kuwaandaa watoto wa nyumbani. Panya wakiwa wengi, wote wanakua. Wakipungua, yule mdogo hapati, hufa, na mara nyingine huliwa na ndugu zake. Nyumbani kwetu aliyekufa alikuwa mmoja kati ya watano, usiku wa mvua kubwa, dume aliporudi mara moja tu. Salma alilia. Bibi yake alimweka mapajani, hakumwambia chochote kuhusu uchuro.

Kinda hutoka kipofu, mwekundu, mwenye manyoya machache mno. Mama anampasulia nyama vipande vidogo na kumgusisha mdomoni. Baada ya wiki mbili anameza panya mdogo mzima, kichwa kwanza, mkia ukibaki nje kwa dakika kadhaa. Mnamo wiki ya tatu mama naye anaanza kutoka kuwinda, na hapo sanduku linakuwa la watoto wenyewe. Usilale mapema siku hizo. Nilimwona mkubwa wao akipokea panya, akakaa naye, kisha akamsogezea mdogo aliyekuwa akikoroma kwa njaa pembeni. Nilidhani nimeona vibaya, nikarudisha picha mara tatu. Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Uswisi wameliona jambo hilo kwa miaka mingi: makinda wa bundi hawa hupokezana sauti kabla chakula hakijafika, kama wanaopatana nani ana njaa zaidi, na wakubwa hugawia wadogo. Asubuhi yake niliwaonyesha watu watatu kipande hicho. Mmoja wao alikuwa yule mzee wa shamba la nyuma. Alikitazama mpaka mwisho, akaniomba nimtumie kwenye simu yake.

Wiki ya tano na ya sita kinda anakuwa mzito kuliko mzazi, amefura kama mto wa pamba. Kisha manyoya ya kweli yanatokeza, uso wa kopa unajichora, na kibaraza kinajaa vumbi la mbawa. Karibu na wiki ya nane wanaruka, mmojammoja, kwa mpangilio uleule waliozaliwa nao. Hawaondoki moja kwa moja. Kwa wiki kadhaa hurudi kulala mchana.

Kama unapenda rekodi zako ziwafae na wengine, peleka tarehe na mahali kwa atlasi ya ndege ya nchi yako. Tanzania ipo, Kenya ipo pia. Ila mtandaoni usiweke mahali pa nyumba yako wala picha inayoonyesha ramani. Wako wanaotafuta bundi kwa ajili ya uganga.

Hatua ya saba: kinda akianguka

Kwa ndege wengi tunaambiwa tusiguse. Kwa bundi huyu ni kinyume. Kinda aliyeanguka chini kabla ya kuweza kuruka, wazazi kwa kawaida hawamshukii kumlisha. Akiachwa hufa njaa au huliwa na paka. Mama hatamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako. Vaa glavu nene, maana kucha zake zinachoma, mfunike kwa taulo, mtazame kama mguu au bawa limevunjika, na kama mzima mrudishe sandukuni upesi kwa mlango wa nyuma. Ngazi iwe na mtu wa kuishika. Usimpe maziwa wala mkate.

Mbali na hilo, ngazi isiguse ukuta huo kwa miezi yote mitatu ya kuatamia na kulea.

Hatua ya nane: kusafisha

Subiri mpaka kamera ionyeshe sanduku tupu usiku na mchana kwa wiki mbili mfululizo. Vaa barakoa na glavu; vumbi la humo si la kuvuta. Nyunyiza maji kidogo kwanza ili litulie. Usikwangue hadi ubao ung'ae: acha tabaka jembamba la mabaki yaliyokauka, maana ndiyo kitanda cha msimu ujao, na ongeza maranda kidogo juu. Kaza skrubu, futa lenzi kwa kitambaa laini, angalia kama mchwa wamegusa nguzo.

Mabaki usiyatupe yote. Vile vitonge vyeusi vya manyoya viloweshe kwenye beseni la maji moto yenye sabuni, uvipasue kwa sindano mbili. Kila fuvu lililo ndani ni panya mmoja asiyefika kwenye mahindi. Tulikaa barazani Jumamosi nzima, mimi, Salma na bibi yake, tukiyapanga kwenye sinia la kupetea mchele, mafuvu upande huu, taya upande ule, na mzee wa shamba la nyuma alipopita akaweka jembe chini, akavuta kigoda, akaanza kuhesabu naye.